Lehemu Chini ya Rangi

Ndugu msomaji, kuna kazi nimeifanya, nimelipwa, mwenye kazi kafurahi, na bado inaninyima raha. Hebu nikusimulie, halafu uamue mwenyewe kama mimi ni tapeli au najisumbua bure.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, Gerezani, hapa Dar es Salaam. Kuandika ni kazi yangu ya usiku. Mchana ni grenda, cheche na kelele za bati. Basi siku moja akaja bosi mmoja kakumbatia sanduku. Nikadhani kaleta jiko bovu. Kumbe ndani mna gari: Land Rover Defender ya rimoti, ile ya Traxxas, mfano wa 1 kwa 10. Yaani kila sentimita moja ya gari hilo inasimama badala ya sentimita kumi za Land Rover yenyewe. Ina difu, ina springi, inapanda mawe kama mbuzi. Mtu mzima na kitambi chake akaiweka chini, ikaparamia rundo letu la vyuma chakavu, banda zima likasimamisha kazi.

Alichotaka ni tela la kuvutwa na gari hilo. La chuma, si la plastiki. Ekseli moja, ubavu wa bati, mkono wa kuvutia wa pembe tatu. "Lichomelewe kama la kweli, fundi," akasema. Neno hilo ndilo lililoniponza.

Sisi tuliokulia uswahilini tumeunda magari tangu utotoni: waya, makopo ya mafuta ya kupikia, magurudumu ya kandambili zilizokatika. Lakini gari la waya halimdanganyi mtu. Halijifanyi Scania, ni wewe mtoto unayesema ni Scania, na mngurumo unaupiga kwa mdomo. Tela la mfano ni jambo jingine. Lenyewe linataka mtu akiliona kwenye picha asijue kama ni dogo.

Nikaanza na hesabu. Tela la urefu wa mita 2.4 linakuwa sentimita 24. Hapo hakuna taabu. Taabu ni unene. Bati la milimita 2 linatakiwa liwe la milimita 0.2, na hilo si bati tena, ni kopo. Ukilibonyeza kwa kidole linaingia. Kulichomelea kwa umeme ndio usiseme, kijiti cha milimita 2.5 kinalitoboa kabla hujainua mkono. Nikatumia la milimita 0.8. Uongo wa kwanza. Riveti nikazitengeneza kwa kugonga msumari butu nyuma ya bati mpaka vichwa vikatokeza mbele. Hazishiki kitu chochote. Uongo wa pili. Springi za majani nikazikata kutoka kwenye ule mkanda wa chuma wa kufungia mizigo, nikazipanga moja juu ya nyingine, ndefu chini ya fremu na fupi zikifuata. Hizo zinanepa kweli, na mpaka leo nazionea fahari.

Uongo huo wa aina mbili haukunisumbua hata kidogo. Bosi alikuwa anakuja jioni, anakaa juu ya ndoo, anaangalia, tunacheka. Mfano wowote ni mapatano: hapa tumezidisha, hapa tumeruka. Nyie wenzangu mnaoandika mnalijua hilo. Hakuna mhusika wa hadithi anayekwenda chooni mara zote anazopaswa kwenda, na msomaji halalamiki.

Uongo wa tatu ndio wenye kesi. Ilikuwa Jumamosi, bosi anakuja kesho yake, na mkono wa kuvutia ulikuwa bado haujaungwa kwenye fremu. Tulipatana niuunge kwa gesi na shaba, ambayo inayeyuka kwenye nyuzi karibu 900 na inaushika chuma kisawasawa. Gesi ikaniishia mtungini. Pale mezani palikuwa na lehemu ya mafundi redio, ile inayoyeyuka kwenye nyuzi 183 tu. Nikaunga kwa hiyo. Nikapaka bodifila juu yake, nikaichora kwa ncha ya msumari ifanane na mawimbi ya weldi, nikapuliza praima, nikapuliza rangi nyeusi. Jumapili bosi akalifunga tela nyuma ya Land Rover yake, akalipakia kokoto, likavutwa banda zima bila kelele. Akalipa laki moja na nusu, na elfu kumi ya soda juu. Kwa lugha ya banda letu, nilikuwa nimelipua.

Sasa hesabu ileile inanitetea. Galileo, yule Mwitalia wa darubini, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1638 akiwa amefungiwa nyumbani, alieleza kwamba ukikibadili kitu ukubwa, nguvu yake na uzito wake haviendi sambamba. Punguza tela mara kumi kwa urefu: eneo la muungano linapungua mara mia, lakini uzito unapungua mara elfu. Kwa hiyo kila milimita ya mraba ya muungano wangu inabeba sehemu moja tu ya kumi ya mzigo ambao ingebeba kwenye tela kubwa. Hata ukiongeza lile bati nene, nafasi imebaki tele. Udogo unasamehe. Lehemu ambayo barabarani ingeua watu, kwenye sakafu ya bosi haitakatika. Na ikikatika, kitakachomwagika ni kokoto.

Basi nani nimemkosea? Mwenye mali ana tela linalovuta. Hajaumia mtu. Kosa liko wapi?

Nikampelekea mjomba swali hilo. Yeye ndiye aliyenishikisha kijiti cha kwanza. Akanijibu bila kuinua uso kwenye jiliwa: "Mjomba, mkono haujui skeli. Ukiuzoesha kulipua kwenye kidogo, utalipua kwenye kikubwa."

Jibu zuri, lakini halikunitosha. Chukua fundi anayestaafu leo jioni. Kazi yake ya mwisho ni kitela cha kuchezea, na kesho anarudi kijijini kulima mihogo. Mkono wake hautashika tena kijiti. Je, yeye ruksa kulipua? Kama kosa ni hatari ya kesho tu, basi asiye na kesho hana kosa. Moyo wangu unakataa.

Halafu kuna jambo ambalo mimi na mjomba hatulitaji. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye banda tulilokuwa wakati ule, lilitoka tela la trekta la kubebea mchanga. Halikumaliza mwezi. Mkono wa kuvutia uliachia kwenye mlima, tela likarudi nyuma mpaka mtaroni, utingo akavunjika mguu. Walileta kile chuma bandani. Nilikiona kwa macho yangu: weldi ilikuwa juujuu tu kama ngozi ya uji, chuma chini yake hakikuguswa na moto. Juu yake rangi nyekundu safi kabisa. Wiki lilipotengenezwa tela lile tulikuwa watatu tuliokuwa tunapokezana kijiti, na mmoja wao ni mimi. Nani alichomelea pale? Hakuna aliyesema. Mimi nafsi yangu sikumbuki, na nimejaribu.

Kwa hiyo sidai nimeipata jawabu. Naona tu kitu kimoja. Riveti za uongo nilizigonga bosi akiwa juu ya ndoo ananiangalia. Lehemu niliichoma nikiwa nimeelekea ukutani, na wala bandani hapakuwa na mtu mwingine. Mwili ulishajua kabla yangu. Tofauti ya uongo huu na ule haiko kwenye nguvu ya chuma, maana Galileo keshanisamehe. Iko kwenye kile nisichotaka kionekane.

Utasema: si umwambie tu, yaishe? Nilimwambia, kwa simu. Akacheka sana. "Si linavuta? Achana nalo, fundi." Nilitegemea nitapumua. Badala yake nikabaki nimeishika simu kama mjinga. Alikuwa ananisamehe kitela; yule utingo hamjui, na mimi sikumtaja.

Wiki iliyopita kalileta tena, tairi moja linachomoka kwenye rimu. Kazi ya dakika kumi na gundi. Anataka alichukue Jumapili. Mtungi wa gesi haujajazwa, na kwa kazi isiyolipwa hakuna wa kunikopesha. Ila rangi nimeshaikwangua, bodifila nayo imebanduka kipande kizima, na ile lehemu iko wazi juu ya meza, inang'aa.