Mkwaju wa Katabi na Macho ya Mgeni

Jambo linalotazamwa katika kurasa hizi ni dogo kwa umbo lake, kwani ni khabari ya safari ya siku moja, tena safari ya matembezi tu, si ya kutafuta elimu wala ya kuzuru jamaa. Walakini mambo mengi makubwa ya dini huingia kwa mlango mdogo, na mwenye nyumba asitambue mpaka aliyeingia amekwisha kuketi.

Katika nchi ya Katavi, magharibi ya Tanzania, liko ziwa liitwalo Katavi, ambalo hujaa wakati wa mvua, na kiangazi likapungua hata likawa uwanda wa majani na tope. Wenyeji husimulia kwamba zamani alikuwako mwindaji mkubwa jina lake Katabi, na kwamba roho yake imekaa katika mti wa mkwaju karibu na ziwa hilo. Jina la ziwa ni jina lake, na la hifadhi ya wanyama ni lake, na tangu mwaka 2012 mkoa mzima waitwa kwa jina hilo. Chini ya mkwaju huo watu wa nchi huweka sadaka wakitaka baraka. Mahali hapo pamo ndani ya Hifadhi ya Taifa iliyowekwa mwaka 1974, nayo ni kiasi cha kilomita za mraba 4,471, na sheria ya hifadhi haimruhusu mtu kuweka maskani ndani yake wala kuwinda kwa ajili ya chungu chake. Basi yule mwindaji amekaa mahali ambapo wanaomtukuza hawawezi kuwinda wala kujenga, nao wakitaka kumwendea hupita langoni kama wageni. Neno hili liwekwe akilini, kwani lina kazi mbele.

Na akadiriwe mtu wa pwani, mathalan wa Tanga, aliyepanda gari la moshi kutoka Tabora kwenda Mpanda kwa biashara ya asali na nta, ambazo misitu ya kule, hasa upande wa Inyonga, imejaaliwa kwazo. Amekwisha shughuli zake, na gari la kurudi bado. Akakodi motokaa na kiongozi kwa siku moja, aende Sitalike, aingie hifadhini, awaone viboko waliosongamana katika mto wa Katuma, auone na huo mkwaju unaosemwa, kisha jioni apite kwa wafinyanzi na wasusi wa mikeka anunue kitu cha kupelekea nyumbani. Mpaka hapa hapana wa kumlaumu. Qur'ani katika sura ya Al-Ankabut, aya ya 20, imewaamrisha watu watembee katika ardhi na kutazama namna viumbe vilivyoanzwa, na katika sura ya Ar-Rum, aya ya 42, imewaambia watembee watazame ulikuwaje mwisho wa waliotangulia, ambao wengi wao walikuwa washirikina. Haikusema wafumbe macho. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuja akafika hata kisiwa cha Serendibu, ambacho leo ni Sri Lanka, akaandika khabari za hekalu kubwa la Dinawar na sanamu lake na mabaniani wake, wala Uislamu wake haukupunguka kwa kuandika. Na al-Biruni kabla yake aliandika kitabu kizima cha dini za Wahindi, akayaeleza maneno yao kama wayasemavyo wenyewe, kwa kuwa asiyejua neno hawezi kulijibu.

Tabu yaanza pale chini ya mti. Kiongozi, naye ni kijana mwenye adabu, amwambia mgeni: Mzee wangu, hapa desturi ni kuweka chochote, hata sarafu moja, wote waweka, hata Wazungu. Mgeni atia mkono mfukoni, akaishika sarafu ya shilingi 500. Shilingi 500 ni kitu gani? Na moyo wake, kwa yakini, haumo katika mti huo hata chembe.

Hoja zitakazomjia wakati huo ni tatu, na zote zina sura nzuri. Ya kwanza ni kwamba kitu chenyewe ni kidogo. Ya pili ni kwamba matendo huhukumiwa kwa nia, na nia yake si ibada. Ya tatu, nayo ndiyo yenye nguvu kwa watu wa pwani waliolelewa kwa adabu, ni kwamba mgeni hufuata ada za mwenyeji, na kukataa ni ujeuri.

Ama ya udogo, imepokewa kwa Salman al-Farisi (r.a.) kisa cha watu wawili waliopita kwa kaumu yenye sanamu, wakatakiwa watoe japo nzi, mmoja akatoa akaangamia kwa nzi huyo, na wa pili akakataa. Wenye elimu ya hadithi wana maneno juu ya sanadi ya kisa hiki, lakini maana yake yaeleweka hata kwa mtoto: waliomtaka nzi hawakuwa na haja ya nzi. Walitaka mkono unyooshwe.

Ama ya nia, hadithi ya nia haikuja kuhalalisha kila tendo ambalo mtendaji wake alikuwa akiwaza jambo jingine. Na katika jambo la mti hasa iko khabari iliyo karibu mno na hii. Mwaka wa 8 wa Hijra, ambao ni 630, Mtume (s.a.w.) alipokuwa njiani kwenda Hunain, walipita penye mti mkubwa ambao washirikina walikuwa wakitundika silaha zao kwa kutaka baraka, wakiuita Dhatu Anwat. Baadhi ya waliokuwa pamoja naye, nao walikuwa ndio kwanza wametoka katika ujinga, wakamwomba awawekee nao mti kama ule. Mtume akashtuka, akawafananisha na Bani Israili walipomwambia Musa awafanyie mungu kama wa wale waliowapita, na hayo yamo katika sura ya Al-Aaraf, aya ya 138. Khabari hii ameipokea Tirmidhi kwa Abu Waqid al-Laithi. Watazamwe watu hao: hawakuwa wakiuabudu mti, na adui alikuwa mbele yao, na panga zilikuwa mikononi mwao kwa ajili ya dini. Walitaka desturi tu. Nayo desturi hiyo ndiyo waliyokatazwa.

Imebaki hoja ya adabu, na hiyo yataka kukaliwa kitako. Mtu anayeuamini mkwaju akiweka kitu chini yake, ametenda jambo lenye maana kwake: amemwomba aliyemdhania kuwa asikia. Aidha ana mtoto mgonjwa, au mvua imechelewa, au bahati imemwepuka. Kosa lake ni katika anayemwomba, lakini katika haja yake hana mzaha. Sasa mgeni asiyeamini akiitupa sarafu yake juu ya sadaka za watu hao, amefanya nini? Ikiwa amemwomba Katabi, ameshiriki. Ikiwa hakumwomba, basi ameigiza maombi ya watu mbele ya macho yao, kama aigizavyo mcheza ngoma kilio cha matanga. Ameyafanya machozi yao kuwa mchezo wa mchana mmoja, kisha akapanda motokaa akaenda zake. Hapana njia ya tatu. Anayesema kwamba ameweka kwa heshima na ajiulize angeona vipi mgeni asiyeamini akisimama katika safu ya msikitini, akainama na kuinuka pamoja na watu, apate kupigwa picha ya kwenda kuonyesha kwao. Hapana mtu wa Tanga atakayesema kwamba huyo ameuheshimu msikiti. Basi kuiacha sarafu mfukoni ni haki ya Mwenyezi Mungu kwanza, na baada yake ni haki ya wenye mti vile vile.

Wala asiyetoa asidhani kwamba amekwisha kuokoka, kwani yuko atakayeirudisha sarafu mfukoni kisha akacheka. Atauliza kama Katabi ala nini, na kama roho ya mwindaji yaogopa mbwa. Huyu na asome sura ya Al-An'am, aya ya 108, inayokataza kuwatukana wale waombwao badala ya Mwenyezi Mungu, wasije wenyewe wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa uadui na kwa kutojua. Tena na akumbuke kule atokako. Karibu na mji wa Tanga yako mapango ya Amboni, na ndani yake kuna mahali ambapo watu huweka chupa za marashi na fedha na vitu vya kula, na wanaoweka si wapagani peke yao. Karibu na Bagamoyo, penye magofu ya Kaole, liko kaburi ambalo watu huliendea kwa maombi, na wengi wao ni wenye kanzu na kofia. Ubani na kitambaa chekundu havikuwa tauhidi kwa sababu mchukuzi wake ajua kusoma Yasini. Mtu wa bara aliye chini ya mkwaju hakupata kufundishwa jingine, na huyu wa pwani amefundishwa tangu chuoni; kati ya wawili hawa, aliye na udhuru si vigumu kumjua.

Na liko jingine ambalo watu wa pwani hawapendi kulitaja. Katika karne ya 19, misafara ya pwani ilipita nchi za bara kutoka Tabora kuelekea Ziwa Tanganyika, ikitafuta pembe, na mara nyingi ikirudi na watu katika minyororo. Wengi wa kule walimjua Mwislamu kwa bunduki yake kabla hawajamjua kwa sala yake. Mapadri Weupe walipopokea ngome ya Karema, pwani ya ziwa, mwaka 1885, walikuta watu wenye sababu ya kukimbilia upande mwingine. Anayekwenda leo na kuucheka mti wa watu hao anacheka juu ya deni.

Basi asitoe, na asicheke. Je, asimame tu atazame? Hapa yafaa kukumbuka safari nyingine ya kuzuru mahali pa ibada ya wengine. Yasimuliwa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alipoingia Baitul Muqaddas, kiasi cha mwaka 637, alizungushwa na askofu mkuu katika kanisa kubwa la Wakristo, na wakati wa sala ukafika wakiwa ndani. Akaombwa asali pale pale, akakataa akatoka nje, akasema kwamba angesali ndani Waislamu wa baadaye wangelinyang'anya kanisa kwa hoja ya kuwa Umar alisali humo. Pana atakayesema kwamba kanisa la watu wa Kitabu si sawa na mti wa porini, na hilo ni kweli. Lakini linalotazamwa hapa ni mwendo wa mgeni. Aliingia kwa kukaribishwa na wenyewe, akaona, hakushiriki, na alipotoka aliwaachia mahali pao kama alivyopakuta.

Kukaribishwa na wenyewe ndiko penye fundo. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wa pwani, wametaja idhini ya wenye mahali kuwa ni sharti la kuingia katika nyumba za ibada za wengine. Chini ya mkwaju wa Katabi, nani mwenye kutoa idhini? Mgeni ana cheti cha langoni, amekilipia, na ni halali yake kwa sheria ya serikali kuwatazama viboko na twiga. Cheti hicho ni idhini ya mwenye hifadhi. Mwenye kuomba chini ya mti hakuulizwa. Mathalan mgeni akifika akamkuta mama amepiga magoti pale, cheti chake hakimpi haki ya kumsogelea wala kumpiga picha. Arudi motokaani angoje. Na akikuta hapana mtu, atazame mti, kwani mti ni wa Mwenyezi Mungu, ila asiguse vilivyowekwa, wala asiokote kitu cha kukumbukia.

Ya jioni ni mepesi zaidi kwa itikadi, lakini huenda yakawa mazito zaidi katika mizani. Nchi zile zilikuwa na mafundi wa kustaajabisha. Kusini ya Katavi, katika Ufipa, wahunzi walikuwa wakijenga matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, yenye matundu ya kuvuta upepo wenyewe bila ya mivukuto, wakayeyusha mawe ya chuma kwa makaa, kisha wakakisafisha chuma hicho katika tanuri dogo na kufua majembe. Wakati wa kazi hiyo walijitenga na wake zao, na tanuri wakilifananisha na bibi arusi. Biashara ya majembe ya kigeni ikaiua kazi hiyo, na matanuri mengine yangali yamesimama mashambani bila moto. Mwislamu akiyatazama hana budi kumkumbuka Nabii Daud, aliyelainishiwa chuma kama isemavyo sura ya Saba'a, na ambaye Mtume (s.a.w.) alimtaja kuwa mfano wa mwenye kula jasho la mkono wake.

Yule wa Tanga sasa amefika kwa mfinyanzi, mwanamke mtu mzima, amekaa barazani na vyungu vyake. Mgeni ana furaha, kwani chini ya mti alishinda. Auliza bei ya chungu, ataambiwa, ataangua kicheko, atataja nusu yake. Ajua kwamba jua lachwa na kwamba mama huyu hatapata mnunuzi mwingine leo. Ajua pia kwamba udongo ulichimbwa mbali, ukabebwa kichwani, ukatwangwa, ukafinyangwa, ukaanikwa na kuchomwa, na vingine vikapasuka motoni. Kupatana bei si haramu, na soko lote la pwani limesimama juu yake. Lakini kumngoja mwenye haja mpaka giza liingie, ili achoke auze kwa hasara, hilo lina jina jingine, hata kama chungu ni kimoja na faida ni shilingi 500 tu, kiasi kile kile alichokiokoa mchana mbele ya mkwaju.

Na ile sarafu ingali mfukoni. Kiongozi amekwenda naye tangu alfajiri, hakula mchana ila muhogo, na aliposema pale mtini kwamba desturi ni kuweka chochote, huenda alikuwa na haja yake mwenyewe ambayo hakuweza kuitamka. Basi na aongezewe juu ya ujira waliopatana, mkononi, mbele ya watu, na aambiwe kwamba ni yake.