Kushinda Njaa, Kuishinda Njaa

Kitenzi kushinda kina maana mbili ambazo kwa kuzitazama juujuu hazina udugu: kupitisha mchana kutwa katika hali fulani, na kumzidi nguvu mpinzani. Familia iliyoshinda njaa imekaa tangu alfajiri hadi magharibi bila kutia kitu kinywani. Familia iliyoishinda njaa imeikabili na kuibwaga. Na kinachozitenganisha kauli hizo ni silabi moja, ile ambayo wanasarufi huiita kiambishi cha yambwa kwa kuwa humwakilisha anayetendewa. Kwa familia iliyofikiwa na vita, silabi hiyo ndiyo kazi ya siku nzima, na hapo ndipo dhana ya kunusurika, yaani kutoka hai katika jambo ambalo lingeua, inapostahili kufikiriwa upya.

Falsafa imezoea kuiweka dhana hiyo ngazi ya chini. Aristotle, alipoeleza chanzo cha dola, alisema kuwa watu waliungana kwanza ili waishi, lakini dola hudumu ili waishi vema, na tangu hapo kuishi tu kumeonekana kama baraza ambayo mtu huivuka kabla ya kuingia ndani. Hannah Arendt, ambaye mwenyewe aliikimbia Ujerumani mwaka 1933, alikwenda mbali zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu hali ya binadamu: shughuli za kuulisha mwili haziachi kitu cha kudumu, kwa kuwa kilichopikwa huliwa na kesho jiko huwashwa upya. Hoja hiyo ina uzito wake, ila inakiangalia chakula pale kinapoliwa, na haikukiangalia vya kutosha pale kinapogawanywa.

Mwezi Mei 2015, baada ya azma ya Rais Pierre Nkurunziza ya kuwania muhula wa tatu kuzua machafuko nchini Burundi, makumi ya maelfu ya watu walijikuta Kagunga, kijiji cha wavuvi cha Tanzania, kaskazini mwa Kigoma, kilichobanwa baina ya milima mikali na Ziwa Tanganyika. Njia kuu ya kutoka ilikuwa maji, na meli ya Liemba, ambayo Wajerumani waliileta kwa vipande, wakaiunga Kigoma na kuishusha ziwani mwaka 1915, ilichukua watu wapatao 600 kwa safari moja. Waliobaki ufukweni walisubiri. Ziwa lililowapa maji ya kunywa ndilo lililopokea uchafu wao, na kipindupindu kikaua watu zaidi ya 30 kabla ya mwezi kwisha. Katika hali kama hiyo mambo madogo ya nyumbani hugeuka kuwa maamuzi mazito: kuchota maji papo hapo miguuni au kumtuma mtoto mbali zaidi, kuziteketeza kuni ili maji yachemke au kuzibakiza kwa ugali wa muhogo wa jioni, nani apande meli na mgonjwa, na nani abaki na godoro na sufuria. Mwenye kuamua hivyo anapima haki ya mmoja mbele ya uhai wa mwingine, tena peke yake, bila mzee wa ukoo wa kumshauri, na haiwezekani kusema kwamba anachofanya ni kujilisha tu.

Jambo hilo huonekana kwa karibu zaidi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, siku mgawo unapofika nyumbani. Unga humiminwa katika beseni, kisha hupimwa kwa kikombe kimoja kilekile, kikombe cha leo, cha kesho, cha keshokutwa, huku macho ya watoto yakifuata mkono. Na anayepima, akishakumbuka kwamba mmoja ananyonyesha na mwingine ana homa, hulijaza nusu fungu lake mwenyewe. Haki ya ugawaji, yaani kanuni ya kumpa kila mmoja kinachomstahili, ambayo Aristotle aliihesabu kuwa shughuli ya raia wa dola, imo tayari pale kwenye mafiga.

Kuisifu kazi hiyo kuna hatari, na hatari yenyewe si ya kinadharia. Kipimo kinachofuatwa na mashirika ya misaada ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa kukosa fedha za wafadhili, lilipunguza mgawo wa kambi za Kigoma hadi nusu. Mama anayeifanya nusu hiyo itoshe amefanya jambo kubwa, lakini ukubwa wake haumfutii deni yeyote aliyekuwa na uwezo wa kutoa akafumba mkono.

Kwa dai la Arendt kwamba kazi hii haiachi kitu, Ujiji, mji jirani na Kigoma, una jibu. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa kituo cha misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na watu kutoka Umanyema, ng'ambo ya ziwa, wengi wao wakiwa wameng'olewa makwao kwa nguvu, waliweka mafiga hapo, wakapika, wakashinda, wakazikana, hata Wamanyema wakawa miongoni mwa wenyeji wa mji. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya ng'ambo hiyohiyo, na wapo waliozaliwa humo ambao sasa nao ni wazazi. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 ingali inawataka wawe na kibali kabla ya kutoka kambini kwenda kutafuta kikombe kingine cha unga.