Soma Sura Nzima: Ulanzi, Wajane na Waraka kwa Timotheo

Kila msimu wa mvua unapoanza, swali moja hurudi katika sharika zetu za Iringa na Njombe. Huulizwa kwenye jumuiya, huulizwa kwenye mafundisho ya Kipaimara, na wakati mwingine huletwa mbele ya baraza la wazee: Je, Mkristo anaweza kunywa ulanzi? Na anayeugema na kuuza, anaweza kuja kwenye Meza ya Bwana?

Kwa ajili ya wenzetu wa Mbeya na Rungwe, ambao swali lao ni la komoni na kimpumu, niueleze ulanzi kwa kifupi. Mgemaji hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, akakinga utomvu wake kwa mbeta, kile kipande cha mwanzi kinachofungwa pale juu. Hurudi asubuhi na jioni kuichonga tena ile ncha ili utomvu usikome. Ukiwa mbichi ni mtamu, lakini huchacha wenyewe bila kutiwa kitu, na kesho yake unalewesha. Hauhitaji mtaji wa kununua nafaka. Kwa sababu hiyo, katika kaya maskini ndio unaoleta fedha ya daftari, sabuni na chumvi katika miezi ambayo ghala limekwisha na mahindi mapya hayajakomaa. Kwa sababu hiyo hiyo, ndio unaomlaza baba njiani akiwa amemaliza fedha ya mbolea.

Watu wanapojibizana juu ya jambo hili, kila upande una aya yake. Mmoja atataja 1 Timotheo 5:23, ambapo Paulo anamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo, au ataikumbuka arusi ya Kana. Mwingine atajibu kwa Mithali 20:1 na Waefeso 5:18, zinazoonya juu ya kileo na ulevi. Aya hujibiwa kwa aya, hadi mwenye sauti kubwa ashinde. Kisha kila mtu hurudi nyumbani kwake akiwa vile vile alivyokuja. Hapo ndipo mchungaji anapaswa kuuliza: tumelisoma Neno, au tumelitumia tu?

Fikiri juu ya dawa za hospitali. Daktari akimwandikia jirani yako vidonge vya presha, dawa ile ni nzuri na daktari ni wa kweli, lakini ukiinywa wewe kwa sababu tu umeikuta mezani, inaweza kukudhuru. Ushauri wa Paulo juu ya mvinyo aliandikiwa mtu mmoja aliyekuwa Efeso, aliyekuwa akinywa maji tu, mwenye tumbo bovu na maradhi ya mara kwa mara. Ni ushauri kwa mtu aliyejinyima. Mlevi anayeutumia kujitetea anakunywa dawa ya jirani, tena anazidisha kipimo, maana Paulo alisema kidogo.

Na Kana je? Yohana mwenyewe anatuambia ishara ile ilikuwa ya nini: Yesu aliudhihirisha utukufu wake, na wanafunzi wake wakamwamini (Yohana 2:11). Mabalasi sita ya mawe hayakuwekwa pale ili yawe kibali cha kilabu cha pombe. Hata hivyo, upande wa pili nao usifurahi upesi. Waefeso 5:18 inakemea kulewa, na Zaburi ya 104 inamshukuru Mungu kwa divai inayoufurahisha moyo wa mwanadamu. Mtu akisema kila tone ni dhambi, anasema zaidi ya Biblia. Hata Wakorintho walipolewa kwenye Meza ya Bwana yenyewe (1 Wakorintho 11:21-22), Paulo hakukiondoa kikombe. Alichokemea kwa ukali ni kwamba mmoja amelewa na mwenzake ana njaa, na kwamba wasio na kitu wametahayarishwa.

Ushauri wangu ni mwepesi kuusema na mgumu kuutenda: soma sura nzima. Turudi katika ile sura ya tano ya Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, tusiishie kwenye aya ya 23.

Aya ya 8 inasema kwamba mtu asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani na amekuwa mbaya kuliko asiyeamini. Ziko umbali wa aya kumi na tano tu, katika ukurasa ule ule wa Biblia nyingi. Baba anayeijua aya ya 23 kwa kichwa, na mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare ya shule, aya iliyoandikwa kwa ajili yake ni ya 8. Haijalishi kama fedha ilikwenda kwenye ulanzi au kwenye bia ya chupa.

Baada ya kusema hayo, wazee wa kanisa tunaweza kuona kwamba sura hii imetuunga mkono. Tuendelee kusoma. Sehemu kubwa ya sura hii, aya ya 3 hadi ya 16, inahusu wajane. Paulo anaagiza waheshimiwe. Heshima hiyo haiishii kwenye salamu. Katika aya ya 17 na 18 neno hilo hilo linawahusu wazee wanaotawala vema, na papo hapo linafungamana na ujira wa mtenda kazi. Kumheshimu mjane ni kumsaidia aishi. Mfikirie basi mama mjane mwenye watoto wanne na kichaka cha mianzi alichoachiwa na marehemu mumewe. Baraza linamwita, linamsomea aya ya ulevi, linamweka chini ya marudi, na kikao kinafungwa kwa sala. Nani amemsomea aya ya 3? Nani ameuliza kesho watakula nini? Yakobo 2:15-16 inaulizia faida ya kumwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani akashibe, bila kumpa mahitaji ya mwili.

Mama huyo naye ana neno la kusikia. Habakuki 2:15 inatamka ole kwa ampaye jirani yake kileo hata amleweshe. Anayeuza hawezi kusema yeye ni mwuzaji tu. Anamfahamu mteja wake, anaifahamu na nyumba anakotoka. Kumkatalia kikombe kingine mtu aliyekwisha lewa, au kumkatalia kabisa yule ambaye mkewe amekuja kulia mlangoni, ni utii wa kweli, na una gharama. Usharika unaomtaka alipe gharama hiyo lazima uibebe pamoja naye. Njia zipo: kikundi cha kuweka na kukopa, miche ya parachichi ambayo sasa imestawi Njombe na Rungwe, sadaka ya mavuno inayorudi kwa wenye njaa wa usharika ule ule.

Aya ya 21 inamwagiza Timotheo, mbele za Mungu na Kristo Yesu na malaika, asitende neno lolote kwa upendeleo. Aya hii ni ya baraza. Tukimwita mgema ulanzi na kumwacha mwenye baa mjini kwa sababu ahadi yake kwenye harambee ya ujenzi ni kubwa, tumekwisha hukumiwa. Na aya ya 24 inaongeza kwamba dhambi za watu wengine ziko wazi, zawatangulia, na za wengine huwafuata. Mlevi anayumba barabarani, kila mtu anamwona. Anayewadhulumu wapwa zake shamba la baba yao hayumbi. Anakaa benchi la mbele, amenyooka.

Wapo miongoni mwetu wasioonja kileo kabisa, nao nawaheshimu. Zamani katika nyanda zetu pombe iliambatana na tambiko, na kwa wengi walioamini, kuiacha kulikuwa ushuhuda ulioonekana. Kwa ndugu aliyewahi kufungwa na ulevi, kuiacha yote ndiyo njia salama, na Warumi 14:21 inatutaka sisi wengine tusimkwaze. Lakini sura hiyo hiyo inagawa maonyo mawili: anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Kila mmoja amepewa la kwake. Sisi hupenda kubadilishana, kila mmoja akashika la mwenzake.

Dk. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 tuliyojifunza kwenye Kipaimara, anapoieleza Amri ya Tano haishii kwenye kutoua. Anatufundisha kumsaidia jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Hicho ndicho kipimo cha usomaji wetu. Kama baada ya kusoma jirani yangu ana njaa ile ile, na aibu imeongezeka juu yake, sijamaliza kusoma.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiulizwa tena habari za ulanzi, usijibu kwa haraka. Kinywaji chenyewe si dhambi. Kulewa ni dhambi, kuwanyima watoto ni dhambi, kumlewesha jirani ni dhambi, na kumhukumu mjane bila kumlisha ni dhambi pia. Fungua sura ya tano, isomeni pamoja nyumbani au kwenye jumuiya, polepole, tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha kila mmoja ataje aya iliyomgusa yeye, asitaje ile anayodhani inamfaa mwenzake. Kristo, aliyekula na watoza ushuru bila kuhalalisha wizi wao, atakuwa katikati yenu.