Nani anaruhusiwa kuyacheka mapinduzi?

Marquis niliitazama Kahama, nyumba ya wageni, umeme umekatika na kompyuta inakaribia kuzima. Ni filamu ya Mbelgiji Henri Xhonneux, ya 1989, mwaka ambao Ufaransa ilisherehekea miaka 200 ya mapinduzi yake. Waigizaji wamevaa vichwa vya wanyama: padri ni ngamia, mkuu wa gereza ni jogoo. Marquis de Sade ni mbwa aliyefungwa Bastille, anabishana na uume wake, ambao una uso na sauti. Si ya kutazama na wakwe, kwa kweli.

Nilicheka sana. Halafu nikamkumbuka bibi.

Bibi yangu yuko kijijini Shinyanga. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Mwaka uliofuata bibi akahamishwa. Akaacha nyumba, ukwaju na kaburi la mwanawe. Lakini ukitaka kucheka, mwambie amwigize yule kiongozi aliyekuja kuwahamisha. Anatanua kifua, anapiga kelele, anajikwaa. Tunacheka mpaka machozi.

Siku moja kijana aliyetoka machimboni Geita akatia neno: eti bila ujamaa Wasukuma wangekuwa bado porini. Bibi akanyamaza, akaingia ndani.

Basi ucheshi wa msiba ni wa wafiwa tu? Nilidhani hivyo, lakini mila zetu zinanikatalia. Msibani anayeruhusiwa kufanya vituko ni mtani, na mtani ni mtu wa kabila jingine! Anamwigiza marehemu, anadai hela, anazuia jeneza. Ila huyohuyo utamkuta ameshika jembe kaburini. Kibali chake ni ile kazi.

Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alianzisha The XYZ Show Kenya mwaka 2009, baada ya damu ya uchaguzi wa 2007. Mtanzania akawageuza wakubwa wa Kenya vikaragosi, na Wakenya wakacheka. Alikuwa amechora katuni Nairobi kwa miaka mingi. Hakupita njia tu.

Kwa hiyo siulizi tena kama mapinduzi yanachekwa. Nauliza anayecheka amebeba nini. Yule kijana hakubeba kitu. Xhonneux? Anawacheka zaidi wenye funguo kuliko waliofungiwa, kwa hiyo nampa jembe, tuone.

Bibi sitamwonyesha filamu hiyo. Ule uume, hapana. Ila yule jogoo angempenda, angesema anamfahamu.