Bonge la Damu na Hukumu kwa Daktari

Tuseme wagonjwa wawili wa kiharusi wamefikishwa hospitali usiku mmoja. Umri wao ni sawa, mshipa ulioziba ni ule ule, daktari ni mmoja. Wiki moja baadaye mmoja anatembea, mwenziwe hawezi hata kushika kijiko. Jamaa za yule wa kwanza wanamshukuru daktari. Za huyu wa pili wanamwita mzembe.

Huenda tofauti yote ilikuwa ndani ya bonge la damu lenyewe lililoziba mshipa. Mwaka 2015 majaribio kadhaa, likiwemo MR CLEAN la Uholanzi, yalithibitisha faida ya kuvuta bonge kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi kichwani, na mabonge yaliyotolewa hivyo yamechunguzwa sana kwa hadubini. Yaliyojaa chembe nyekundu ni laini, mara nyingi hung'aa kwenye picha ya CT, na kwa kawaida husalimu amri upesi mbele ya alteplase, dawa ya kuyeyusha mabonge. Yaliyosheheni nyuzi za fibrini na chembe sahani ni magumu, hung'ang'ania ukuta wa mshipa, na daktari hulazimika kuvuta tena na tena. Mengine yana utando wa DNA uliomwagwa na chembe nyeupe. Alteplase, ambayo kazi yake ni kuvunja fibrini, haiugusi.

Basi daktari anahukumiwa kwa jambo asilolichagua. Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliliita fumbo hili bahati ya kimaadili. Nagel alimtaja dereva wa lori aliyepuuza breki: mtoto akikatiza njia, dereva ni muuaji, asipokatiza, anarudi nyumbani salama na uzembe ule ule.

Kwetu fumbo hili hufungwa haraka: ni kudra, au amerogwa. La kwanza lina heshima yake, kwani linamwondolea daktari lawama isiyo haki. Lakini linafunika pia saa zilizopotea kwa mganga, na bonge huzidi kujikaza kadiri linavyokaa. Ugumu mwingine tunautengeneza wenyewe, kisha tunamsingizia Mungu.

Alteplase kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, tena baada ya CT kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovujia ubongoni. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, angalia saa, kisha mkimbize mgonjwa kwenye hospitali yenye mashine ya CT.