Nguo Hizi ni za Nani?

Baadhi ya nyumba mpya zinazojengwa Dar es Salaam siku hizi zina chumba ambacho nyumba za wazee wetu hazikuwa nacho. Ukiwa ndani ya chumba kikuu cha kulala, kile mafundi wanachokiita masta, unafungua mlango mwembamba na unajikuta umezungukwa na nguo pande tatu: rafu za mbao mpaka darini, droo, bomba la kutundikia henga, taa, na ukuta wa mbele una kioo kirefu. Mgeni haingii humo. Ni chumba cha mtu na nguo zake, na kioo cha kumrudishia sura yake.

Wenye chumba hicho wanajua kazi iliyomo. Pwani ina unyevu, na nguo iliyokunjwa ikiwa haijakauka sawasawa hushika uvundo, kisha madoa ya ukungu, hasa chumba kikiwa hakina dirisha na hewa imetuama. Koti la sufu huliwa na nondo. Au tuseme watoto wa nondo, maana nondo mwenyewe akishaota mabawa hali nguo. Hao hutafuta sufu, hariri na manyoya, wakaiacha pamba safi. Kwa pamba wapo wadudu wengine, wale wembamba wa rangi ya fedha wanaotimua mbio ukivuta droo, wapendao wanga wa nguo mpya. Dawa zake zinajulikana: jua, pasi, mlango wa luva unaopitisha hewa, rafu isiyogusana na ukuta wa nje, naftalini kwa wasiokerwa na harufu yake, udi kwa wenye uwezo. Asubuhi moja inatosha kumfundisha mtu haya yote na kukisafisha chumba.

Lakini usafi wa asubuhi hiyo haudumu. Baada ya miezi michache nguo zimerudi kulundikana, blauzi tatu kwenye henga moja, viatu juu ya viatu, mfuko wa dukani ambao haujafunguliwa umesukumwa nyuma. Wengi husema ni uvivu. Mimi siamini, kwa sababu nawajua watu wachapakazi, ofisi zao zimepangika, jikoni kwao kunang'aa, na chumba cha nguo kimewashinda. Naona tatizo liko kwenye swali lisiloulizwa kabla ya kukunja: nguo hizi ni za nani?

Mjapani Marie Kondo, ambaye kipindi chake kilionyeshwa na Netflix mwaka 2019, aliwapa watu wa nchi nyingi swali lake mwenyewe. Lundika nguo zako zote mahali pamoja, shika moja moja, jiulize kama inakupa furaha. Isiyokupa, ishukuru, kisha iage. Naliheshimu swali hilo. Kushukuru nguo kabla ya kuachana nayo ni adabu. Ila anayeulizwa ni mtu mmoja tu, yule yule aliyezinunua. Tamaa iliyojaza rafu ndiyo inayoitwa kutoa ushahidi. Furaha ya leo inaweza kusema ndiyo kwa gauni hamsini, na kesho dukani ikasema ndiyo tena.

Liko swali la zamani zaidi, ambalo waliosoma madrasa wanalifahamu. Katika mkusanyo wa Sahihi Muslim, ndani ya kitabu cha mavazi na mapambo, imo hadithi ya Mtume iliyopokewa na Jabir bin Abdillah kuhusu matandiko ya nyumbani. Maana yake kwa ufupi: tandiko moja ni la mume, moja la mke, la tatu la mgeni, na la nne la shetani. Wahubiri wengi hukimbilia la nne, wakakemea israfu, na wana haki. Mimi hunizuia la tatu. Tandiko la tatu ni ziada. Hakuna mwenyeji anayelilalia, pengine mwezi mzima limekunjwa tu, na bado ni halali kabisa kwa sababu lina mwenyewe, ingawa hajafika. Kinacholiharibu la nne ni kwamba hakuna anayelingojea. Kwa hiyo kipimo hakiko kwenye wingi peke yake, wala kwenye kuvaliwa na kutovaliwa. Kitu kinaulizwa ni cha nani.

Mabibi wa pwani wameishi kwa hesabu hiyo bila kuiandika popote. Shangazi yangu mmoja wa Unguja ana kasha la mbao lenye misumari ya shaba, aina ile ile ambayo Binti Salme, mtoto wa sultani wa Zanzibar aliyezaliwa 1844, aliieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Mle ndani mna doti za khanga, mpya, zimepangwa kwa safu, na yeye mwenyewe hazivai. Nilipomuuliza alicheka.

"Hizo si zangu, mwanangu. Hii ya jirani, mkwewe akijifungua. Zile za harusi ya Pemba. Ile ya chini ya msiba, Mungu auweke mbali."

Doti mpya ni vipande viwili ambavyo bado vimeshikana, vina pindo moja, mji mmoja, na jina moja limeandikwa mara mbili. Ikishakatikana na kutiwa upindo imekuwa nguo ya mtu. Kabla ya hapo inasubiri. Mwenye kutoa haikati. Anampelekea mwenzake nzima, naye ndiye ataikata. Na kwa kuwa kila khanga inasema neno lake, huwezi kumpa yeyote yoyote: ya mafumbo haiendi kwa mkwe, ya mahaba haiendi matangani. Shangazi hana haja ya kubandika karatasi wala kupanga kwa rangi. Anajua ipi iko wapi kwa sababu anawajua watu wake, na akifungua kasha anawapitia mmoja mmoja.

Ndiyo maana kasha lile halifuriki. Mwezi wa Shaabani, harusi zinapofuatana kabla ya Ramadhani, linapungua mpaka chini. Baadaye linajaa tena polepole. Wanaozaliwa, wanaooa na wanaokufa ndio wanaolipangia kalenda. Chumba cha nguo chenye kioo hakina kalenda hiyo. Kinaingiza kila mwisho wa mwezi, na hakuna tukio la mtu mwingine linalokitaka kitoe.

Sitaki kuipamba mila kupita kiasi. Sare za harusi nazo ni za watu, na zimetujazia kabati: kitenge kimeshonwa kwa ajili ya siku moja, rangi ameichagua bibi harusi, huwezi kukivaa kazini wala hutaki kukitupa. Pamoja na hayo, nikiiona sare namkumbuka mtu kwa jina. Shati nililolinunua kwa sababu ya punguzo la bei halinikumbushi yeyote.

Tunaoishi Afrika Mashariki tunaona pia upande wa pili wa usafi wa kabati. Watu wa Ulaya na Marekani wakisafisha vyumba vyao vya nguo, sehemu ya walichokitoa hubanwa kwa mashine kuwa marobota, mengi ya kilo 45, na huja kufunguliwa kwenye masoko ya mitumba ya Karume, Gikomba na Owino. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikusudia mwaka 2016 kuipunguza biashara hiyo hatua kwa hatua. Rwanda iliyoshikilia msimamo ilisimamishiwa na Marekani, mwaka 2018, nafasi ya kuuza nguo zake huko bila ushuru. Mitumba imewavisha wengi kwa heshima na kuwalisha wauzaji, nami nimeivaa. Lakini tazama robota likifunguliwa: koti zito la baridi kwa watu wa Dar, fulana ya mbio za hisani za mji ambao hakuna hapo anayeujua. Kabati moja limetakaswa, na swali la nguo ni ya nani limevushwa bahari likiwa halijajibiwa. Kutoa bila kujua unampa nani kunampunguzia mtoaji mzigo, na mara nyingi kunaishia hapo.

Niliwahi kusaidia kupanga nguo za marehemu ili zigawiwe. Kanzu zake saba, kofia mbili za mkono, tasbihi iliyosahauliwa mfukoni. Watu waliokaa chini kugawa walimjua, wakawa wanataja majina: hii apewe fundi wake, hii kijana wa msikitini, wana umbo moja. Chini kabisa tukakuta bafta nyeupe, mpya, imefungwa kwenye karatasi pamoja na karafuu maiti na chupa ndogo ya mafuta mazuri. Alijiwekea sanda. Yeye hakuona aibu kuiweka nguo ambayo hataivaa kwa mikono yake mwenyewe, aliwaamini watakaomvisha. Hiyo ndiyo nguo pekee kabatini mwake iliyokuwa yake moja kwa moja, na hata hiyo ilihitaji watu.

Kwa hiyo sina ugomvi na chumba kipya cha nguo. Kijengwe, kiwe na hewa, kifagiwe, nguo zake zianikwe kila jua likitoka. Ombi langu kwa anayekaa na fundi wiki hii kuchora rafu ni dogo: mwambie akuachie moja, pana, usawa wa macho, mahali mkono unapofika bila ngazi. Hapo usiweke chochote chako. Weka vya watu, na kabla hujaweka, taja jina la mtu atakayepelekewa.