Hukumu ya Kumcheka Mtu wa Shamba katika Hekaya

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba watu wote kwa udongo mmoja.

Yamezoeleka kwa watu wa miji, barazani na vitabuni, masimulizi ya mtu wa shamba ajaye mjini: ashangaa kila aonacho, auziwa kibovu kwa bei ya kizima, na wasikilizaji wakacheka. Katika hekaya hizo tajiri huwa na jina na nasaba, na upumbavu wake ni wake mwenyewe. Ama maskini wa shamba huitwa "mshamba" tu, na upumbavu wake huwa ni wa wakulima wote. Je, jambo hili lafaa?

Mwenye kulitetea husema: hekaya ni ya kubuni, hakutajwa mtu, na Imamu Nawawi ameeleza kuwa kusengenya ni kumtaja mtu ambaye msikilizaji amfahamu. Neno hili ni kweli kwa upande wa kusengenya. Lakini dhihaka ina mlango wake mwingine. Aya ya 11 ya Sura ya Hujurati yakataza kaumu kuidhihaki kaumu, kwani huenda wachekwao wakawa bora kuliko wachekao. Basi kutotaja jina hakumwokoi msimulizi, bali kwamzidishia mzigo: dhihaka ya mtu mmoja humfikia mmoja, na hii huwafikia wote.

Na akitoa hoja kwamba aya ya 97 ya Sura ya Tawba imewashutumu mabedui, aambiwe asome hata aya ya 99, ambapo wamesifiwa miongoni mwao waaminio na watoao mali kwa kujikurubisha kwa Mola wao. Qurani imewapambanua, msimulizi amewachanganya.

Zahir bin Haram alikuwa bedui, akimletea Mtume (S.A.W.) tunu za jangwani. Tirmidhi amepokea katika Shamail kwamba Mtume alimkuta sokoni akiuza bidhaa yake, akamkumbatia kwa nyuma, akamnadi kwa mzaha kama mtumwa. Zahir akasema kuwa yeye ni bidhaa isiyo na mnunuzi. Mtume akamjibu kuwa mbele ya Mungu yeye ni wa thamani. Mzaha ule ulianza kwa kicheko ukaishia kwa kumpandisha mtu daraja. Hicho ndicho kipimo.

Na Imamu Shafii mwenyewe alikwenda kukaa na watu wa Hudhayl jangwani, akajifunza kwao ufasaha wa lugha.

Ama madhara yake si madogo. Kijana wa shamba aletwaye mjini kusoma huzisikia hekaya hizi kila usiku. Siku babaye ajapo na kikapu cha mihogo, humwona kwa macho ya hekaya, akajificha, au akawaambia wenziwe kuwa yule ni mtumishi wa kwao. Hapo kicheko kimekwisha kuzaa uasi wa mzazi, na msimulizi ana fungu lake katika dhambi hiyo.

Si haramu kusimulia habari za shamba, wala kumtaja mkulima mjinga. Lililo wajibu ni uadilifu: ujinga wake uwe wake, usiwe wa wenziwe. Nazi ikunwayo mjini imeangushwa na mkwezi ambaye hekaya haikumjua kamwe.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.